Hadithi Isiyo na Msimulizi: Kinjeketile na Nchi ya Wamwera

Wanafunzi wetu aghalabu huulizwa kama Kinjeketile, katika tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969, aliyasadiki maneno yake mwenyewe au alikuwa akiwalaghai watu. Swali hilo, kwa maoni yangu, lamshika mtu asiyehusika. Ifaayo kuulizwa ni habari ya wale waliosikia.

Na tuzitazame tarehe. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ndivyo wanahistoria wamwitavyo, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Wamwera, ambao nchi yao ni hiyo ya Ruangwa, Nachingwea na bara ya Lindi, waliingia vitani baada ya siku hiyo. Misheni za Nyangao na Lukuledi zilishambuliwa mwishoni mwa mwezi uo huo. Mwenye hadithi alikuwa kaburini, nayo hadithi ingali ikitembea. Wengi walioshika silaha hawakupata kumwona wala kuisikia sauti yake.

Je, hadithi ya namna hii yafanyaje kazi katika nafsi? Husemwa kwamba kwanza mtu huamini, kisha hutenda. Mimi naona mambo yaweza kuwa kinyume. Aliyepokea maji alipewa miiko: asimkaribie mwanamke, asipore mali. Mtu akisha kuushika mwiko siku kadhaa, na kumwona jirani yake ameushika, hasikilizi hadithi tena. Yumo ndani yake. Ndiyo sababu risasi zilipoua, hadithi haikufa mara moja. Ilisemwa kuwa walioanguka walivunja miiko.

Wako wanaolicheka jambo hili na kuliita ujinga wa watu wasiosoma. Na waende Nachingwea. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali palipochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Hadithi hiyo iliandikwa kwa tarakimu: ekari zaidi ya milioni 3. Misitu ikang'olewa, bandari na reli zikajengwa upande wa Mtwara, na hata mpango ulipoachwa mwaka 1951 zilikuwa zimepotea kiasi cha pauni milioni 36. Wakati wote huo sababu zilipatikana: matrekta makuukuu, mvua chache, udongo mgumu. Kila moja ilikuwa ya kweli, wala hakuna iliyomfanya mtu aitilie shaka hadithi yenyewe upesi. Nayo ni miiko iliyovunjwa, kwa jina jingine. Waliosadiki hapa walikuwa mawaziri na wataalamu. Tena hadithi ya maji iliwaunganisha watu wa makabila mengi. Ile ya karanga haikumpa mwenyeji nafasi ila ya kibarua.

Hussein ameyajua haya. Kinjeketile wake anapotakiwa akiri kwamba maji ni uongo, akataa, ingawa ajua kuwa maji hayazuii risasi. Wasomaji husifu ushujaa wake. Mimi naona zaidi kwamba ametambua neno si mali yake tena, na kulikana ni kuwanyang'anya wengine, hata watakaozaliwa baadaye, kitu ambacho yeye hawezi kukirudisha. Hata hivyo tamthilia yakaa mno karibu na mateso ya nabii. Ningalipenda kumwona zaidi mtu wa kusini asiyefika Ngarambe kamwe, aliyeletewa maji na mjumbe, akayanywa, akaondoka na mkuki wake.