Vitu Halisi na Wanaovitunza

Kitu halisi ni zana ya kale ya mwalimu wa lugha. Mitaala ya Afrika Mashariki ingali inakitaja, lakini darasani nafasi yake imechukuliwa na picha, na picha nayo inahamia kwenye simu. Comenius, aliyetoa kitabu chake cha picha cha Orbis Pictus mwaka 1658, alishikilia kwamba mwanafunzi aonyeshwe kitu chenyewe, na picha ije pale kitu kinapokosekana. Siku hizi picha huja hata kitu kikiwa kimelala nje ya dirisha.

Kuleta chungwa darasani hakumshindi mtu. Ufundi umo katika kuchagua, kupanga na kujua wakati wa kunyamaza. Mwalimu wa pwani anayeijua kazi hii hupanga mezani, kuanzia changa hadi pevu, kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi. Hasemi neno. Wanafunzi hupokezana, hupima uzito kwa viganja, hutikisa karibu na sikio. Dafu limejaa maji, halilii. Nazi kavu hulia. Hapo ndipo majina hutolewa, kila moja na ngeli yake: kidaka hiki, kitale hiki, dafu hili, koroma hili, nazi hii. Ngeli tatu zimepita mikononi kabla ya jedwali lolote kuandikwa ubaoni.

Kisha kazi huendelea, na vitenzi hufuata mpangilio wa jikoni. Nazi hufuliwa kwenye kifuo, huvunjwa, hukunwa kwa mbuzi (mbuzi hii, si mbuzi huyu, na darasa lazima licheke), nazi iliyokunwa hukamuliwa katika kifumbu, tui zito likatangulia na jepesi likafuata. Kifuu hakitupwi, kwa kuwa ndicho kinachozaa upawa. Mwanafunzi aliyekwaruzwa kidole na meno ya mbuzi hasahau kukuna ni nini. Somo la namna hii hudai maandalizi ya tangu jana yake, na pengine ndiyo sababu limeachwa. Tui sasa linauzwa kwenye kopo, kifumbu kimelipisha chujio la plastiki, na mtoto wa mjini hukutana na maneno hayo yote kwenye mtihani.

Maktaba nazo zina sehemu yao. Kanuni za kuorodhesha za AACR2, zilizotolewa mwaka 1978, zilivitengea vitu vya namna hii sura nzima, ya 10: mkutubi aandike jina la kitu, kimetengenezwa kwa nini, rangi yake, na vipimo vyake kwa sentimita. Sentimita ni rahisi, rula inatosha. Kigumu ni jina, nalo ndilo huanza kupotea. Upawa ukiwekwa kabatini bila kadi ya kueleza umetoka kijiji gani, huitwaje huko na hutekewa nini, mkutubi ajaye atauona kama kijiko kibovu na kuutupa, wala hatakuwa na kosa. Kosa ni la aliyeupokea akaona uvivu wa kuuliza.

Kwa mfasiri mambo hugeuka: neno analo, kitu ndicho hana. Vlahov na Florin, wafasiri wa Kibulgaria, walilishughulikia tatizo hilo kwa kirefu katika kitabu chao kilichotoka mwaka 1980. Mfasiri aweza kulikopa neno, kulieleza, au kutafuta kitu cha kwao kinachokaribiana nalo, lakini hawezi kuchagua vizuri kama hajui kitu chenyewe hushikwaje. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya Paradise, ya mwaka 1994, iliyotoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi mwaka 2022, ilimtaka mfasiri, Ida Hadjivayanis, avirudishe kwao vitu vya duka na vya msafara vilivyokuwa vimesafiri kwa Kiingereza. Kazi hiyo huhitaji kamusi, na hapo ndipo uzembe wa darasani na wa kabatini unapodai deni lake. Mfasiri hufungua kamusi akakuta “aina ya samaki”, “aina ya mti”, “aina ya chombo”, bila umbo wala matumizi, na mzee ambaye angeweza kukionyesha kitu hicho kwa kidole hakuulizwa alipokuwa hai.