Lita Nne za Moto

Mpishi wa mlimani hahesabu mafuta kwa siku. Mwulize safari ya siku nne itakula lita ngapi, naye atakurudishia swali: mko wangapi, chai mnakunywa mara ngapi, na mmebeba mchele au maharagwe? Timau, kwenye barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru, wapo wapishi waliozeekea kazi hii ya kupandisha wageni Mlima Kenya. Wengi hupitia lango la Sirimon, na mara mojamoja njia ya Timau yenyewe, ambayo haina msongamano. Wageni huwasifu kwa supu na chapati. Mimi nawasifu kwa jambo ambalo halifiki mezani, nalo ni kujua, kabla ya kufunga mizigo, moto wa safari nzima utakuwa na uzito gani.

Nyumbani kosa la makadirio ni dogo. Mafuta yakiisha, unamtuma mtoto dukani. Ukishapita lango la Sirimon, mita 2,650 hivi juu ya usawa wa bahari, maduka yamekwisha. Mbele kuna kambi ya Old Moses, mita 3,300. Baada yake ni mwendo wa siku nzima, unavuka mto Ontulili na Liki Kaskazini, unaingia bonde la Mackinder, hadi kambi ya Shipton kwenye mita 4,200. Hapo ndipo watu huamka usiku wa manane kwenda kilele cha Lenana, mita 4,985.

Zamani wapandaji walichoma vigogo vikavu vya seneshio, yale majitu ya mlimani yenye shina nene na kichwa cha majani mapana. Mmea huo hukua polepole mno, na uliochomwa kwa chai ya jioni moja huenda ulikuwa na umri wa babu yako. Siku hizi kuwasha kuni huko juu ni marufuku, na anayeuona ukali huo umezidi akumbuke Machi 2012, moto ulipoteketeza maelfu ya ekari za msitu na nyika ya mlima huu. Kwa hiyo kila mwali unaowashwa juu ya msitu umepanda mgongoni mwa mtu. Lita moja ya mafuta ya taa ina uzito wa gramu 800 hivi. Kule Kilimanjaro mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20, nawe ukipiga hesabu utaona jerikeni ya lita tano inakula sehemu gani ya hizo kilo. Ukibeba pungufu, watu wanalala bila kitu cha moto penye baridi ya kugandisha maji. Ukibeba kupita kiasi, kuna kijana anayeteseka bure.

Basi mpishi anahesabuje? Kipimo chake ni lita ya maji ya moto.

Huanzia nyumbani. Jiko la pampu hujazwa, hupelekwa dukani na kuwekwa kwenye mizani, kisha hurudishwa jikoni na kubandikwa sufuria ya lita mbili za maji baridi, yenye kifuniko. Maji yakichemka hasa, jiko huzimwa, hupoa, hurudi kwenye mizani. Kilichopungua ndicho kilicholiwa. Jiko zima, lenye bana safi, lisilopigwa na upepo, hula takriban mililita 20 za mafuta ya taa kwa kila lita moja ya maji, yaani vijiko vinne vya chai. Sayansi inakubaliana na mizani ya duka: lita ya mafuta ya taa ina nishati ya megajuli 35 hivi, na jiko la kawaida hupoteza kama nusu yake pembeni mwa sufuria. Jiko lenye masizi au tundu lililoziba nusu litakula vijiko sita au saba. Ndiyo maana mpishi mwenye akili hachukui hesabu ya jiko la jirani. Hupima lake, na hulipima tena kila msimu.

Sasa watu. Chukua wageni wawili, mwelekezi, mpishi na wapagazi watatu. Mgeni hutumia lita nne za maji ya moto kwa siku: chai ya asubuhi na ya jioni, supu, maji ya kunywa yaliyochemshwa, na lile beseni dogo la kunawa uso ambalo wengi husahau kulihesabu. Wenyeji huhesabiwa lita mbili na nusu kila mmoja. Jumla ni lita 20 na ushei. Zidisha kwa mililita 20, unapata mililita 400 kwa siku za kuchemsha tu. Kupika kwenyewe, yaani ugali wa watu saba, mchuzi wa viazi vya Timau na uji wa alfajiri, huchukua karibu kiasi hicho hicho tena. Mililita 800 kwa siku.

Siku nne za safari si siku nne za jikoni. Ya kwanza chakula cha mchana hufungwa nyumbani, ya mwisho ni kifungua kinywa tu halafu watu wanashuka. Zinabaki siku tatu kamili, lita 2.4. Ongeza robo kwa ajili ya upepo, kumwagika na kulipasha jiko moto kabla halijashika, unafika lita tatu. Halafu ongeza siku moja ya dharura. Ndipo jerikeni hutiwa lita nne, na kijana anayeiinua hulalamika, "Mzee, siku nne tu, lita nne zote?" Jibu huwa fupi: "Tatu ni zetu. Ya nne ni ya mvua."

Linalonifurahisha zaidi katika hesabu hii ni jinsi urefu wa mlima unavyoivuruga. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hapa Timau ni karibu 92. Shipton ni 86 hivi. Mtu wa mara ya kwanza hudhani hiyo ni nafuu, na kwa chai ni kweli, kwa kuwa maji yanachemka yakiwa na joto pungufu na mafuta kidogo yanaokolewa. Lakini chakula hakiivi kwa mapovu, kinaiva kwa joto. Maharagwe unayoyachemsha kwa nyuzi 86 yatakuchekea usiku kucha. Mafuta yanayookolewa kwenye birika yanapotea mara kumi kwenye sufuria ya githeri. Wapishi wa Sirimon walilimaliza suala hili zamani: maharagwe na nyama huchemshwa nyumbani, huko juu hupashwa tu, na mchele hulowekwa mapema. Tambi zikishachemka dakika chache, jiko huzimwa, sufuria hufunikwa na kufungwa ndani ya blanketi zimalizikie humo, mbinu ile ile ya kikapu kilichojazwa matambara ambacho akina mama wengi wa Kenya hupikia bila moto.

Kwa anayelala juu zaidi, kwenye kibanda cha Austria karibu mita 4,790, kuna siku maji hayapo ila barafu. Kuyeyusha kilo moja ya barafu, ikawa maji yasiyo na joto lolote, kunameza joto lile lile linaloweza kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi sifuri hadi 80. Vijiko vinne vinakuwa vinane kabla chai haijatiwa majani. Mpishi ambaye hakuuliza mapema watalala wapi, hesabu yake imeharibika tangu Timau.

Gesi imeleta ufundi wake. Tangu mwaka 2018, serikali ilipoongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwakomesha wanaoyachanganya na dizeli, sababu ya kung'ang'ania mafuta hayo imepungua. Gesi ni safi, haihitaji pampu wala spiriti ya kuwashia. Kwa uzito inalingana na mafuta ya taa au kuyashinda kidogo. Tatizo ni chuma: mtungi wa kilo 6 una uzito wa chuma unaozidi gesi iliyomo ndani, kwa hiyo unafaa kundi kubwa, na kwa wageni wawili ni adhabu.

Tatizo la pili ni baridi. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani hugeuka mvuke hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, lakini butani hukoma karibu na sifuri yenyewe. Kadiri unavyopika, propani hutangulia kutoka, na inayobaki chini ni butani vivu. Alfajiri ya Shipton, mtungi uliobaki robo unaweza kukataa kabisa, ilhali ukiutikisa unasikia kioevu kikicheza ndani. Asiyejua hulaumu muuzaji. Mpishi mzoefu huwa amepanga kinyume: mtungi wa zamani huumalizia Old Moses, mpya huufungulia juu.

Nimemwona mmoja wao akitafuta kiwango cha gesi bila mizani. Alimwaga kikombe cha maji moto ubavuni mwa mtungi, akasubiri kidogo, kisha akapitisha kiganja kutoka juu kwenda chini taratibu. Juu chuma kilikuwa na joto, na ghafla kikawa baridi. Pale palipobadilika ndipo kioevu kilipoishia. Akachora mstari kwa mkaa, akaandika tarehe. Hakuna aliyemwamuru kuandika tarehe, na ni hiyo tarehe iliyonionyesha natazama fundi.

Jerikeni za mafuta ya taa nazo zina mistari. Kila jioni hutazamwa, na matumizi yakipita mstari wa siku hiyo, kesho yake beseni la kunawa hupunguzwa kabla ya chai kuguswa. Sufuria haipandi jikoni bila kifuniko. Chai ikishaiva inamiminwa yote kwenye thamosi, kwa kuwa kuipasha tena ni kulipa mara mbili. Mawe hupangwa upande wa upepo, wala jiko haliingizwi ndani ya hema lililofungwa, maana hewa yake chafu huua watu usingizini.

Mtihani wa makadirio haya hufanyika langoni wakati wa kushuka. Anayerudi na jerikeni kavu hakukadiria, alibahatika. Anayerudi na nusu hakukadiria pia, alijilinda kwa mgongo wa mwenzake. Yule anayerudi na lita moja na kidogo, baada ya safari ambayo mvua haikunyesha, ndiye wa kumtafuta msimu ujao.

Kwa hiyo ukipanda kupitia Sirimon, usimbishie mpishi ile lita ya nne. Ilipie, na umtajie mapema kama unapenda kunawa kwa maji moto.