Seva Isiyohamahama

Umeme ulikatika usiku, ukarudi alfajiri, na tovuti ikawa haionekani. Seva yenyewe, kompyuta kuukuu ya mezani yenye Ubuntu, ilikuwa nzima. Kilichobadilika ni anwani. Ruta ilipozimika ilisahau ilichomgawia kila mmoja. Simu ya mgeni, iliyokuwa macho kwa betri yake, ikawahi 192.168.1.14 wakati seva bado inawaka. Mlango wa 80 ukawa unamgongea mgeni.

Wengi hapo hukimbilia faili la mipangilio. Mimi nilianza kwenye ruta, kuangalia DHCP inagawa kuanzia wapi hadi wapi. Yangu iliishia 199, basi nikachukua 210. Ukijichagulia namba iliyo ndani ya fungu hilo, siku moja ruta itampa mwingine namba hiyohiyo, na vifaa viwili vitagombania anwani moja: tovuti inapatikana, inapotea, inapatikana tena. Hitilafu ya namna hiyo hukulaza macho.

Faili lenyewe ni jepesi. Tangu toleo la 17.10, Ubuntu hutumia Netplan, na mipangilio hukaa kwenye /etc/netplan/. Nilizima dhcp4, nikaandika 192.168.1.210/24, nikataja ruta kama njia ya kutokea kwa kutumia routes, maana gateway4 iliyojaa kwenye mafunzo ya zamani imeshapitwa na wakati. Nafasi za mwanzo wa mstari ziwe za kubonyeza spesi, tabu haikubaliki. DNS nayo usiisahau: wageni wataiona tovuti kama kawaida, ila seva itashindwa kupakua masasisho.

Amri ya netplan try hurudisha mipangilio ya awali usipothibitisha ndani ya sekunde 120. Ni kinga nzuri, lakini ukiwa umeingia kwa SSH, anwani ikibadilika unakatika kabla ya kuthibitisha, na kila kitu kinarudi kilipokuwa. Nilihangaika hivyo mara mbili, nikaishia kuchomeka kibodi na skrini.

Kisha nikaielekeza milango ya 80 na 443 kwenye 210. Namba hiyo ni ya ndani tu. Ya nje iko mikononi mwa mtoa huduma. Ruta ikionyesha upande wa nje anwani iliyo kati ya 100.64 na 100.127, unachangia anwani moja na wateja wengine, na kuelekeza milango hakutakufikisha nje.