Mwenda Jean Bosco: Vidole Viwili na Shule Isiyojengwa

Mgeni akifika Ediofe siku ya Jumapili, pale penye kanisa kuu la Jimbo la Arua, si ajabu akapokewa na sauti ya adungu. Kinubi hiki cha Waalur (tunasema ala, si lugha ya jirani zetu Wanubi wa Koboko) kimeenea kwa Walugbara na kwingineko. Hupigwa kwa vidole vya mikono yote miwili, na siku hizi huundwa kwa ukubwa mbalimbali, toka kidogo chenye sauti nyembamba hadi kile kikubwa cha sauti nzito. Tunaanza na ala hii kwa sababu miongoni mwetu walimu pana swali lisilokwisha: je, gitaa laweza kufundishwa shuleni kama sanaa yenye kanuni zake, au ni kitu cha dansi na vilabu tu? Jibu letu linapitia kwa mtu ambaye hakuzaliwa West Nile, lakini aliimba kwa lugha tunayoifundisha.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, katika kabila la Wayeke, ambao asili yao ni wafanyabiashara waliotoka pande za Unyamwezi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, alimkuta katika mji wa Jadotville, ambao leo huitwa Likasi. Santuri zilizotokana na mkutano huo, hasa ile ya Masanga, zilisafiri mbali kuliko mwenyewe. Baadaye alikaa Nairobi kwa muda, na mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia.

Habari hizo hazitoshi kumfanya mtu awe bwana wa fani. Fani yake imo vidoleni. Mwenda alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia: kidole gumba kwa nyuzi nene na kidole cha shahada kwa nyuzi nyembamba. Kwa hivyo viwili alijenga muziki wa watu watatu. Katika Masanga ya gitaa tupu, gumba hutembea kwa utulivu kama mtu anayetwanga peke yake, na juu yake sauti nyembamba hukata hesabu ile ile kwa namna nyingine, mara mafungu ya pili, mara mafungu ya tatu, hata msikilizaji hajui mguu wake ufuate upande upi. Kisha kila mzunguko unaporudi, kitu kidogo kimebadilika. Yako pia matoleo ya Masanga yenye kuimbwa. Nayo ni mazuri, ila kwa maoni yetu sauti ya mwimbaji huyafunika yale ambayo vidole vinasema kwa ufasaha zaidi.

Wenye kushikilia kwamba gitaa la sanaa ni la Ulaya peke yake hututajia Andrés Segovia wa Hispania, aliyeishi toka 1893 hadi 1987. Na tukubali kwamba kazi yake ilikuwa kubwa. Lakini hebu tuitazame ilivyokuwa. Gitaa la Segovia nalo lilidharauliwa. Lilihesabiwa kuwa ala ya vilabu vya mvinyo. Hakulitoa huko kwa vidole vyake tu. Aliwashawishi watunzi wamwandikie, na mwaka 1939 Castelnuovo-Tedesco alimtungia tungo kubwa ya gitaa na okestra. Alidai kumbi zile zile walizopigia wapiga piano. Alifundisha Siena, na toka 1958 akafundisha Santiago de Compostela, ambako vijana wa nchi nyingi walikuja kuketi mbele yake. Alikuwa mpigaji, mwalimu, na kwa namna fulani mwandaaji wa jukwaa lake mwenyewe.

Mwenda alikuwa na la kwanza kwa ukamilifu. La tatu lilikuwa mikononi mwa wengine, yaani wenye mitambo ya kurekodi na makampuni ya santuri. Na la pili? Hapa ndipo panapotuchoma. Mtu aliyeandika nota za upigaji wake moja baada ya nyingine, na kuzitoa katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, ni David Rycroft. Aliyesafiri hadi Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba, ili ajifunze kwake na kwa wenzake ni Mwingereza John Low, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1982. Hatuwalaumu hata kidogo. Bila wao tungekuwa na machache mno. Tunauliza tu sisi walimu wa Afrika Mashariki tulikuwa wapi.

Sehemu ya jibu ni lugha. Kiswahili cha Mwenda ni cha migodi na reli za Katanga, nacho hakifuati upatanisho wa ngeli tunaousahihisha kwa wino mwekundu. Hapa Uganda nako, wengi walikijua Kiswahili kwanza kama lugha ya kambi, toka enzi za King's African Rifles, na tangazo la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikuifuta sifa hiyo. Mwalimu wa Arua au Koboko anayemwambia mwanafunzi kwamba lugha hii ina utamu wake hana budi kumpa ushahidi. Santuri za Mwenda ni ushahidi mzuri, makosa ya sarufi yakiwemo.

Je, Masanga yaweza kupigwa kwa adungu? Si yote. Katika gitaa uzi mmoja hutoa sauti nyingi kwa kubanwa shingoni. Katika adungu kila uzi una sauti yake moja, kwa hiyo ile miteremko midogo ya mkono wa kushoto itapotea. Lakini mwendo wa gumba waweza kupewa adungu kubwa, na sauti ya juu ikapewa ndogo. Wapigaji wawili wangehitajika kwa kazi iliyofanywa na vidole viwili.