Simu ya Kawaida, Bila Bando, Imeishinda Navigesheni ya Gari!

Jamani, inafanya kazi! Data imezimwa, bando limekwisha, na kishale kwenye simu bado kinatembea na sisi, kona kwa kona, kutoka kambini Dzaleka hadi Lilongwe. Programu inaitwa Organic Maps. Ni ya bure, haina matangazo, na sijakaa nayo muda mrefu, lakini siwezi kunyamaza mpaka niizoee, maana najua kuna madereva wetu wanaojichanga sasa hivi wanunue navigesheni ya gari. Ndugu zangu, shikeni kwanza hizo hela.

Wengi hawajaambiwa jambo hili: simu haihitaji intaneti ili ijue iko wapi. Inapokea mawimbi ya setilaiti, zile zile za GPS ya Marekani zinazotumiwa na navigesheni, na simu nyingi za leo zinapokea pia ya Urusi, ya Ulaya na ya China. Kuyapokea ni bure. Kinachokula bando ni ramani. Ukipakua Malawi nzima mara moja mahali penye Wi-Fi, umemaliza; mtandao ukikata njiani, safari inaendelea.

Navigesheni zilizokuja na magari yetu, tuseme ukweli, hazitufai. Magari mengi ya hapa Malawi yametumika Japani kwanza, na kile kioo kizuri katikati ya dashibodi kina ramani ya Japani tu. Ukiwasha injini, sauti ya dada inakwambia kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haijawekwa, na huduma inaishia hapo. Ndiyo maana mtu anaenda kununua nyingine, ya kubandika kwenye kioo cha mbele.

Hiyo ya kubandika nimeiona ikifanya kazi kando ya simu, ndani ya Toyota ya jirani anayebeba abiria kwenda mjini, na sitaidharau. Kioo chake kinasomeka kwenye jua la saa sita. Simu ikipigwa, njia haipotei. Joto la dashibodi inalivumilia, wakati simu ikichemka inafifisha mwanga na pengine kujizima kabisa. Mwenye lori la kwenda Dar es Salaam kupitia mpaka wa Songwe, anayeshinda barabarani kutwa nzima, akiinunua namwelewa.

Lakini tuliporudi nyumbani! Kwenye kifaa kile Dzaleka ilikuwa jina moja kando ya barabara ya Dowa, na baada ya hapo weupe mtupu. Kwenye simu nikakuza, nikakuza tena, na vijia vikaanza kutokea. Vile vyembamba, vinavyopita kati ya nyumba za matofali ya udongo, ambavyo mtoto wa hapa anavijua kwa miguu yake. Nilipiga kelele ndani ya gari! Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 palipokuwa gereza la enzi za Kamuzu Banda, ikapangwa kwa watu elfu kumi na kitu, leo tumepita 50,000, na kuna mtu mahali fulani amekaa akavichora vijia vyetu kimoja kimoja.

Onyo moja tu: msitafute kwa jina. Mitaa yetu imebeba majina ya kwingine, kuna Kawale, kuna Likuni, kuna Zomba, kuna Blantyre. Mgeni akiandika Kawale atapelekwa Kawale ya Lilongwe, na akiandika Zomba ataanza safari ndefu ya kwenda kusini mwa nchi. Navigesheni ina mtego huo huo, ila simu ina dawa yake. Unaweka alama mlangoni pako, unaituma kwa WhatsApp, basi. Shemeji yangu alipiga simu akiwa Lumbadzi:

“Shemeji, nikishaingia kambini nimuulize nani?”

“Usimuulize mtu, shemeji. Bonyeza ile alama niliyokutumia.”

Akafika mpaka mlangoni, gari likasimama mbele ya jiko letu.

Na Lilongwe yenyewe, mji wa Area kwa namba! Namba hazifuatani ardhini. Area 25 iko kaskazini, jirani na viwanda vya Kanengo. Area 24 iko kusini, upande wa pili kabisa. Anayedhani zimepakana atavuka jiji zima akitafuta nyumba ya ndugu yake. Hapa simu na navigesheni zote mbili zinaokoa mafuta.

Google Maps nayo inapakulika, na ina Kiswahili tangu 2018, lakini bila mtandao inakupa njia ya gari tu. Organic Maps inakupa ya gari, ya miguu na ya baiskeli, mtandao uwepo usiwepo, na kwetu tunaopanda kabaza ya baiskeli hilo ni jambo kubwa mno. Tena inaongea! Kwenye orodha ya lugha za sauti Kiswahili kimo, na simu yenye sauti ya Kiswahili ndani yake inakutajia kushoto na kulia kwa lugha yetu. Foleni haioneshi, hilo mlijue.

Kwa hela kidogo nunueni kishikio cha simu na chaji ya gari. Kishikio kikae mbele ya tundu la kiyoyozi, kisikae juu ya dashibodi, simu isichemke.

Ramani hiyo inatoka OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, na mtu yeyote anaruhusiwa kuuchorea. Yeyote! Unafungua akaunti ya bure, unabonyeza mahali, unaandika jina, unatuma, na ramani ikisasishwa kila mtu anapaona. Mimi nimeshaanza na mtaa wangu: bomba la maji, kinyozi, duka la dawa linalofunguliwa usiku. Wa Likuni na wa Zomba, vijia vyenu vipo lakini havina kitu kando yake. Anzeni na zahanati na mabomba.