Gharama ya Mtoto wa Kiume katika Riwaya ya Buchi Emecheta

Riwaya ya Buchi Emecheta iitwayo The Joys of Motherhood, iliyotolewa mwaka 1979, imezoeleka kusomwa kama kisa cha mama aliyesahauliwa na wanawe. Usomaji huo si wa uwongo, lakini hautoshi. Ukisimama peke yake, huigeuza riwaya kuwa mawaidha juu ya watoto wasio na shukrani, na kuiacha nje ya lawama jamii iliyowalea. Shina la msiba wa Nnu Ego ni desturi ya kumthamini mtoto wa kiume kuliko wa kike, na uzito wa kazi ya Emecheta umo katika kuonyesha ni nani hasa aigharamiaye desturi hiyo.

Desturi yenyewe haikosi mantiki. Katika jamii ya Waigbo wa Ibuza ichorwayo riwayani, mtoto wa kiume huendeleza jina la ukoo, hurithi ardhi na kuwatunza wazazi uzeeni. Binti huolewa na kwenda kwa watu. Ndiyo sababu Obi Umunna, asiye na mwana wa kiume, hataki bintiye Ona aolewe, akitumaini kwamba atamzalia mrithi. Ona anapochukua mimba ya Agbadi, mapatano ni kwamba mtoto akiwa wa kiume atakuwa wa babu yake, na akiwa wa kike atakuwa wa Agbadi. Anazaliwa Nnu Ego. Yafaa izingatiwe kwamba Ona hadharauliwi hata kidogo. Babake anampenda na kujivunia naye. Lakini mapenzi hayo yenyewe ni kifungo, kwa kuwa yamemweka mahali pa mwana ambaye hakuzaliwa.

Nnu Ego anaichukua imani hiyo hadi Lagos, mji wa mshahara na wa mtawala wa Kiingereza, ambako mumewe Nnaife ni dobi wa Mzungu. Mwanawe wa kwanza wa kiume anapokufa akiwa mchanga, anakwenda kujitupa kutoka daraja la Carter. Hapo mwandishi anaeleza kwa tendo moja kile ambacho kurasa nyingi za maelezo zisingekieleza: mwanamke huyu hajioni kuwa mtu mpaka awe mama wa mwana wa kiume. Baadaye anapowapata Oshia na Adim, yeye mwenyewe anakuwa mlinzi wa desturi iliyomtesa. Wavulana wanasomeshwa, pacha wao wa kike, Kehinde na Taiwo, wanauza bidhaa ndogo ndogo na kufanya kazi za nyumbani. Oshia, angali mdogo, anakataa kazi za jikoni kwa hoja kwamba yeye ni mvulana. Ubaguzi hapa haufundishwi na baba mkali. Unafundishwa na mama, jikoni, siku kwa siku.

Mke mwenza, Adaku, ndiye ufunguo wa riwaya. Anapogombana na Nnu Ego, Adaku ndiye aliyekosewa. Hata hivyo wanaume wa Ibuza walioitwa kuamua wanamkaripia yeye, kwa kuwa ana mabinti tu, ilhali mwenzake amemzalia mume warithi. Hukumu haitazami tendo. Inatazama tumbo la uzazi. Adaku anaondoka, anaingia katika ukahaba na biashara, na anaazimia kuwasomesha binti zake. Desturi iliyodai kuihifadhi nyumba ndiyo inayoibomoa.

Wavulana nao wanatimiza sawasawa kile walichofunzwa. Oshia anakwenda Marekani, Adim Kanada, na Nnu Ego anakufa peke yake kando ya njia. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Emecheta anaonyesha kwamba hata cha mwana kinaweza kuwa hivyo, pindi elimu na mshahara vinapomhamisha mrithi kutoka kwenye ardhi aliyopaswa kuirithi. Baada ya kufa anazikwa kwa fahari kubwa na kujengewa mahali pa kuombewa uzazi, lakini hawajibu wamwombao. Kimya hicho ndicho uamuzi wake wa kwanza ulio huru.

Kazi hii haikosi dosari. Mara kwa mara msimulizi humwekea Nnu Ego mawazo yaliyokwisha kuiva, kana kwamba hamwamini msomaji kuyafikia mwenyewe. Adaku anaachwa njiani mapema mno, na msomaji haonyeshwi kwa kina jinsi uhuru wake unavyomgharimu. Kehinde, anayethubutu kumfuata mchumba wa Kiyoruba hata Nnaife akashika panga na kuishia kifungoni, anasikika kidogo kuliko ghadhabu ya babake.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili liko suala jingine. Nnu Ego anaposema anataka mtoto, mara nyingi amkusudiaye ni wa kiume. Mfasiri akiandika «mwana» au «mtoto» ataificha tofauti ambayo riwaya nzima imesimama juu yake. Kiswahili husema «yeye» kwa wote, na kifungua mimba aweza kuwa wa kike au wa kiume. Lakini upole huu wa sarufi usichukuliwe kuwa ushahidi wa usawa wa wasemaji. Mtu aweza kusema «watoto wangu» huku anagawa shamba kwa wavulana peke yao.

Sheria zimekwisha kusogea. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981, haitofautishi mwana na binti katika maana yake ya mtoto. Huko Nijeria, Mahakama Kuu Kabisa iliamua mwaka 2014 kwamba mila ya Waigbo ya kumnyima binti urithi wa babake ni kinyume cha katiba. Emecheta, aliyefariki mwaka 2017, aliishi kuusikia uamuzi huo. Lakini riwaya yake inaelekeza jicho mahali ambapo hakimu hafiki: kwenye saa ile ya jioni ambapo kaka amekaa na kitabu, na dada ametumwa sokoni.