Kigiriki Tumesoma, Kiswahili Je?

Ukitaka kujua chuo cha Biblia kinamfunza nini mchungaji, usiishie kwenye orodha ya kozi. Angalia ni Biblia gani iko mezani. Katika vyuo vyetu vingi hapa Kenya, iliyoko mezani ni ya Kiingereza. Mwanafunzi anasoma Mathayo kwa Kiingereza, anaongezewa Kigiriki na Kiebrania kidogo, anafanya mtihani kwa Kiingereza, halafu anatumwa akahubiri kwa Kiswahili. Ati atajitafsiria njiani.

Hasara yake iko wapi? Chukua neno moja tu: haki. Katika Mathayo sura ya 5, Union Version ya 1952 inawataja wenye njaa na kiu ya haki. Neno la Kigiriki hapo, dikaiosune, hubeba wema wa mtu mbele za Mungu na pia usawa baina ya watu. Kiingereza hulazimika kuchagua, na mara nyingi huchagua wema. Kiswahili hakichagui. Mwenye haki ni mtu mwadilifu, na haki ndiyo pia anayoidai mama aliyebomolewa kibanda chake. Sasa mhubiri anaeleza usafi wa moyo, na yule mama kwenye benchi anasikia habari ya kibanda. Nani amesoma vizuri zaidi? Mimi nasema mama.

Na usidhani tafsiri za Kiswahili zote ni mamoja. Biblia Habari Njema, iliyokusudiwa kueleweka kwa urahisi, imeliacha neno haki katika aya hiyo na kuzungumzia kufanya atakavyo Mungu. Yule mama ameondolewa kwenye mahubiri kabla mhubiri hajafungua mdomo. Lakini nenda kwa Amosi sura ya 5, mambo yanageuka. Union Version inasema hukumu na haki, Habari Njema inasema haki na uadilifu. Hapa hii ya pili ndiyo inayomfaa msomaji wa leo, maana hukumu masikioni mwetu ni ya hakimu na kifungo. Hayo ni maamuzi ya wafasiri, na kila uamuzi umebeba theolojia yake. Mchungaji asiyeyajua anahubiri uamuzi wa mtu mwingine akidhani ni andiko lenyewe.

Wasomi watasema vitabu vya ufafanuzi viko kwa Kiingereza. Ni kweli, na ndiyo shida yenyewe. Vya Kiswahili vitaandikwa na nani kama si wanafunzi hawa hawa? Watasema pia kwamba lugha za asili ndizo zenye kauli ya mwisho. Hilo sibishani nalo, hata mimi nimehitaji Kigiriki kulieleza neno haki. Ninachokataa ni kwamba Kigiriki, ili kimfikie Mkenya, lazima kipitie London kwanza.

Dawa haihitaji mfadhili. Muhula mmoja tu, weka mezani Biblia ya Kiunguja ya 1891, ya Kimvita ya 1914, Union Version na Habari Njema. Mpe mwanafunzi aya moja na mwulize kila tafsiri imempa nani nafasi na imemnyima nani. Akijibu vizuri, mwache aende akahubiri.